Jino Lililotoka Lenyewe

Gari la mahakama lingeondoka saa nane mchana. Inspekta Venant alimwambia Koplo Sabina Shigela hivyo mara mbili, mara ya pili akigonga meza kwa funguo.

"Saa nane Ngosha anapanda. Kung'oa meno bila leseni na kumdhuru mtu vibaya. Leo Ijumaa, asipopanda leo tunakaa naye mpaka Jumatatu. Faili limekamilika."

"Halijakamilika, afande. Jino halijaangaliwa."

"Jino?"

"Jino lenyewe. Limo kwenye bahasha ya vielelezo tangu Jumatatu. Hakuna mtu mwenye ujuzi aliyelitazama."

Venant alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo. "Kalitazame. Saa nane anapanda."

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Jumatatu asubuhi Mama Teodora Luhende, mpishi mstaafu wa chuo cha ualimu Butimba, mgonjwa wa sukari wa miaka tisa, alikwenda mwaloni, soko la samaki la ufukweni, kwa Ngosha, mzee anayetoa watu meno chini ya turubai. Jumatatu hiyo hiyo jioni akaanguka jikoni kwake, kule kwenye vilima vya mawe vya Ilemela, taya limevimba, hajitambui. Hospitali walipompima, sukari ilikuwa juu kiasi kwamba mashine ilishindwa kuisoma. Binti yake, Precious, alikuja kituoni analia, hana hata kandambili miguuni, akamtaja Ngosha. Polisi walipofika mwaloni, meza ya mzee ilikuwa imeshavunjwa na wenye hasira.

Teodora alizinduka Jumatano asubuhi. Sabina mwenyewe ndiye aliyechukua maelezo yake. Yalikuwa neno moja: sikumbuki.

Ngosha aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali kwa mkono, kwa sababu mkanda wake ulikuwa kaunta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Dada Teodora ameamka?"

"Leo nauliza mimi, baba."

"Haya, uliza. Polisi ni ninyi."

"Ulimchoma ganzi?"

"Ganzi naitoa wapi? Nina maji ya chumvi na koleo."

"Koleo ulilitumia?"

"Sikulitumia. Nimeshasema, yule mwenzako hakuandika. Alikaa, akafungua kinywa, nikaweka kidole nione ni lipi. Likaja na kidole. Kama karanga kwenye udongo wa mvua."

"Jino zima?"

"Zima na mizizi yake. Pembeni yake kuna mengine mawili yalikuwa yanacheza. Nikamwambia hayo siyagusi." Aliinama mezani. "Mayu, nimenusa vinywa vya watu miaka thelathini. Jino bovu nalijua. Kinywa hiki kilinuka kama ndizi mbivu zilizofungiwa guniani. Nikamwambia, dada, nenda kapime sukari, nenda sasa hivi, usipitie hata sokoni."

"Akasemaje?"

Ngosha alikaa sawa. Alitazama mikono yake.

"Baba, akasemaje?"

"Alisema maneno yake, akaniomba yaishie pale. Akiamka atayasema."

"Wewe unapelekwa mahakamani saa nane."

"Akiamka atayasema," Ngosha alirudia. "Nilikuwa kibarua wa kuni pale Butimba, sina ndugu mji huu. Ni yeye aliyekuwa ananiwekea ukoko wa ugali na mchuzi kila siku. Dada Teodora hawezi kuniacha humu."

Sabina alifunga daftari. Hakumwambia kuwa Teodora ameamka. Mtuhumiwa haambiwi alichosema shahidi.

* * *

Kliniki ya meno ilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali. Daktari Faith Aluoch, mwanamke mrefu wa kule mwambao wa ziwa, Mara, alilimwaga lile jino kwenye sahani ya bati, akavuta taa karibu.

"Nani kasema limeng'olewa?"

"Jalada linasema hivyo."

"Jalada halijui meno. Njoo uone." Aliligeuza kwa kibanio. "Koleo likishika jino linaacha alama, hapa au hapa. Hakuna. Halafu huu uchafu mgumu wa rangi ya kahawia ni ugaga. Mtu mzima wa kawaida anakuwa nao juu, jino linapokutana na fizi. Huu umeshuka mpaka karibu na ncha ya mzizi."

"Maana yake?"

"Maana yake fizi ilishaliachia jino siku nyingi. Mfupa uliolishika umeliwa. Huyo mzee hata angepiga chafya lingetoka."

Sabina aliandika, akapiga mstari chini. "Umeliwa na nini?"

"Huyu ana sukari, siyo? Ngoja." Daktari alisoma jina juu ya bahasha, akafungua kabati, akavuta kadi ya kijani. "Teodora Luhende. Ni mgonjwa wangu."

Aliilaza kadi mezani, akaweka kidole kwenye safu za namba.

"Tunapima kina cha fizi kwa kijiti chembamba. Milimita tatu ni salama. Juni, mbili, tatu, tatu. Nilimsifu, nakumbuka, nikamwambia mama unatunza kinywa kuliko wanangu. Oktoba, tano. Tano tena. Desemba, sita, saba, na damu kila ninapogusa."

"Miezi sita tu?"

"Ndicho kilichonishtua. Anapiga mswaki, havuti sigara, nilimsafisha mwenyewe. Hakuna kilichobadilika kinywani. Basi kimebadilika kwenye damu." Alivuta kiti. "Sikiliza, afande. Sukari ikipanda na kukaa juu, fizi zinapoteza nguvu ya kupigana na vijidudu, zinaoza. Zikioza, ule usaha unaingia kwenye damu, unaifanya insulini isifanye kazi vizuri, na sukari inapanda tena. Ni mitumbwi miwili imefungwa kamba moja. Mmoja ukiingia maji, unamvuta mwenzake."

"Kwa hiyo sukari haikupanda Jumatatu kwa sababu ya jino."

"Jino limetoka Jumatatu kwa sababu ya sukari. Ukipima kidole unajua habari ya leo. Fizi zinakupa habari ya miezi." Aligeukia kompyuta, akabonyeza. "Na hii hapa, wodini wamempima kipimo kile cha miezi mitatu, majibu yametoka asubuhi. Yeye siku zote alikuwa na asilimia saba. Sasa kumi na nne."

"Mtu anayechomwa insulini kila siku anafikaje kumi na nne?"

"Ama hachomwi. Ama anakula sukari kwa kijiko. Ama anachochomwa siyo insulini." Daktari aligeuza kadi. "Mimi Desemba niliona hatari. Niliandika barua aende kliniki ya sukari wiki ile ile. Niliandika wazi kabisa: fizi zinaonyesha sukari imeachiwa, akichelewa atapoteza meno, na anaweza kupoteza maisha."

"Ulimpa mwenyewe?"

"Alikuwa ameshatoka nje, anasubiri kwenye benchi. Nilimpa aliyemleta. Nikamsomea, nikamwuliza ameelewa, akasema ameelewa. Kila barua inasainiwa."

Chini ya kadi maneno ya barua yalikuwa yamenakiliwa, pembeni neno "amesomewa", na saini yenye mkia mrefu. Precious.

Sabina aliomba nakala ya kadi. Ilikuwa saa nne na nusu.

* * *

Nyumba ya Teodora ilijengwa kati ya majabali mawili, ngazi zake zimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Kutoka mlangoni ziwa lilionekana lote, na ndege iliyokuwa inashuka uwanjani. Precious alikuwa jikoni, anapakia chakula cha hospitali kwenye kikapu: uji, samaki wa kuchemsha, mboga. Alikuwa na miaka ishirini na saba, macho yamevimba.

"Karibu, afande. Mmempeleka yule muuaji?"

"Leo saa nane."

"Mungu mkubwa." Alifuta kiti kwa khanga. "Mama yangu huyu. Mama mzazi simjui hata sura, alikufa nina miaka miwili. Dada yake ndiye huyu, ndiye aliyenibeba mgongoni huku anasonga ugali wa wanachuo mia nne."

"Pole. Nimekuja kuona dawa zake tu, nimalizie faili."

"Dawa?" Precious alicheka kidogo. "Afande, tatizo la mama siyo dawa, tatizo ni soda. Anaficha. Njoo." Alimpeleka chumbani, akavuta kreti kutoka uvunguni. "Ona mwenyewe. Mgonjwa wa sukari huyo!"

Sabina aliinama. Kreti lilikuwa na soda ishirini na nne, vizibo vyote havijafunguliwa, vumbi juu yake limelala kama unga. Alipitisha kidole, kikaacha njia. Ubavuni mwa kreti palikuwa na kipande cha plasta nyeupe, maandishi ya wino: *Ya wageni. Krismasi.*

"Mwandiko wa nani?"

"Wake. Anaandika kila kitu, ni mazoea ya jikoni la chuo. Chumvi ikifunguliwa anaandika siku. Mafuta anaandika siku. Ukikosea kuandika anakununia."

"Na insulini?"

"Na hiyo."

Kwenye friji palikuwa na boksi moja la dawa. Ndani yake vichupa viwili: kimoja kimefungwa bado, kimoja kimefunguliwa, kimezungushiwa plasta. *Kimefunguliwa Jumamosi jioni.*

"Nani humchoma?"

"Mimi. Asubuhi na jioni. Mikono yake inatetemeka siku hizi."

"Tangu Jumatatu umekigusa hiki?"

"Nikiguse cha nini? Mwenyewe yuko hospitali, huko wana zao."

Sabina alihesabu kimyakimya. Jumamosi jioni, Jumapili mara mbili, Jumatatu asubuhi. Sindano nne. Alitoa simu, akapiga picha kizibo cha mpira, akaikuza. Mpira ulikuwa umetobolewa kama kichungio. Aliacha kuhesabu alipofika kumi na moja, na baadhi ya matundu yalikuwa mapana. Sindano ya insulini ni nyembamba kama unywele, haiachi tundu la namna hiyo.

Alichukua vichupa vyote viwili, akavibiringisha polepole kati ya viganja kama alivyowaona wauguzi wakifanya, mpaka dawa iliyolala chini ikachanganyika na yote ikawa nyeupe. Kisha akaviinua dirishani.

Sabina alikulia Misungwi, kwenye nyumba ya ng'ombe. Mama yake alipopelekewa maziwa na majirani ili akauze mjini, hakuonja. Alimimina kwenye glasi, akaweka kidole nyuma yake, akatazama. Ukikiona kidole, muuzaji anarudi na maziwa yake nyumbani.

Aliweka kidole nyuma ya kichupa kipya. Hakukiona. Akaweka nyuma ya kile cha Jumamosi. Alikiona, mpaka na mstari wa ukucha.

"Unaangalia nini, afande?"

"Kama imeharibika. Nitaondoka navyo, vinakwenda kwa mkemia. Nisainie hapa."

Precious alisaini. Mkia wa saini ulikuwa mrefu. Kisha akarudi kwenye kikapu, na Sabina akamfuata mpaka jikoni. Pembeni ya kikapu palikuwa na chupa ya chai nyekundu.

"Nipatie chai kidogo basi, nimetoka bila kunywa kitu."

"Hiyo haina chai. Imepasuka kioo ndani." Precious aliichukua haraka, akaitia kikapuni, akaifunika kwa khanga.

Chupa ilitoa mlio ilipogeuka. Chupa iliyopasuka kioo hulia kama shanga kwenye bati. Hii ilitoa mlio mzito, wa vitu vinavyogongana majini, kama vipande vya barafu.

"Imepasuka na unaibeba?"

"Napeleka kwa fundi."

"Sawa," Sabina alisema. "Twende wote hospitali. Nina swali moja la kumwuliza mama, kisha nikuache."

* * *

Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imeanza. Teodora alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cheupe kichwani, shavu la kushoto bado limejaa. Alipomwona Precious alinyoosha mkono. Alipomwona Sabina nyuma yake, mkono ulirudi juu ya shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeshakwambia juzi, mwanangu, sikumbuki."

"Juzi nilikuuliza habari ya Ngosha. Leo nauliza habari ya dawa." Sabina alivuta pazia la kitanda. "Yule mzee amelala mahabusu siku nne. Saa nane anapandishwa gari la mahakama. Sasa hivi ni saa saba na dakika ishirini. Dawa yako ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya."

"Sukari yako imetoka saba mpaka kumi na nne."

"Uzee."

"Soda," alisema Precious.

"Soda," Teodora alisema, "ndiyo, soda."

"Soda zako ni za Krismasi na zina vumbi, mama."

Teodora alitazama dirishani. Precious alianza kumimina uji kwenye kikombe, nao ukamwagika juu ya kabati dogo. Sabina aliutazama ule uji unavyotiririka, akanyoosha mkono, akatoa chupa nyekundu kikapuni.

"Afande, hiyo nimekwambia…"

"Umeniambia." Aliifungua. Ndani palikuwa na barafu ya kusagwa, na katikati yake, kwenye mfuko wa nailoni, kichupa kidogo cha dawa. Karatasi yake ilikuwa imekwanguliwa. Maji ndani yake yalikuwa meupe. "Precious, kabla hujasema lolote, una haki ya kunyamaza. Utakachosema naandika, na kitasomwa mahakamani. Hiki kinakwenda wapi?"

Precious alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Busisi," alisema.

"Kwa nani?"

"Kevin. Kevin Okwach." Hakumtazama Teodora. "Mama anamjua."

"Namjua," alisema Teodora. "Alikuja na wazee wake nikawarudisha. Kijana mzuri, ila ana sukari tangu utotoni. Nikasema mgonjwa haoi kwenye nyumba ya mgonjwa."

"Alikuwa anajinunulia mwenyewe!" Precious alipandisha sauti, wagonjwa wa jirani wakageuka. "Alikuwa anauza samaki wa kukaanga pale kivukoni. Daraja lilipofunguliwa nani anasubiri tena pale? Watu wanapita juu na magari yao. Aliuza sufuria, akauza simu, akaanza kuruka siku. Mara mbili nimemkuta hajitambui. Mama ana bima, kila mwezi boksi linakuja. Nikasema nusu. Nusu tu. Nusu yake, nusu ya Kevin."

"Na nafasi ya nusu iliyotoka?"

"Maji. Nilichemsha."

Sabina aliandika. "Tangu lini?"

"Julai."

"Ulijua itamfanya nini?"

"Sikujua, afande, haki ya Mungu. Nilijua atachoka kidogo. Sikujua inakula meno. Yule mzee alipong'oa jino na mama akaanguka, nilidhani kweli ni yeye…"

"Hakujua," Teodora alidakia. Alishika kiwiko cha Sabina, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Umemsikia? Mtoto hakujua. Andika hivyo. Ni mambo ya nyumbani haya, mtu na mama yake. Andika hakujua, mimi sina kesi naye."

"Nitaandika kila neno, mama. Lakini kuna karatasi moja hujaiona."

Sabina alitoa nakala ya kadi ya kijani, akailaza juu ya shuka, akaonyesha mstari wa mwisho. Teodora aliisogeza mbali na uso ili asome, midomo ikicheza. Alisoma polepole. Alifika kwenye saini, akarudi juu, akasoma tena.

"Barua gani hii?"

Precious alinyoosha mkono, akaanza kuufuta uji kwenye kabati.

"Desemba tulikwenda wote. Ulitoka ndani ukaniambia daktari kasema nipunguze miwa. Barua gani?"

"Mama…"

"Amekusomea. Imeandikwa hapa amekusomea." Teodora aliweka kidole juu ya neno. "'Anaweza kupoteza maisha.' Ulisomewa hili, tukarudi nyumbani, ukanipikia, jioni ukanichoma maji."

"Kevin alikuwa amelala chini, mama! Ningefanyaje? Ningekuomba ungesema hapana!"

"Ningesema hapana," alisema Teodora. "Lakini ungeniomba."

Muuguzi alichungulia penye pazia, akaondoka.

Teodora alilala kwenye mto. Alipozungumza tena alizungumza na dari, na Sabina akaandika bila kuinua kichwa.

"Nimepika miaka ishirini na sita. Maharage yakiongezwa maji nayajua kutoka mlangoni. Unadhani sikuona dawa yangu imekuwa nyepesi? Ile dawa ina harufu, kama ya kusafishia kidonda. Agosti harufu ikapungua. Septemba fizi zikaanza kutoka damu kwenye mswaki. Nikajua mtoto anafanya kitu. Nikasema hajui anachofanya, ni mapenzi, yatapita, atachoka ataacha mwenyewe. Nikawa nageuza uso anaponichoma, nisione. Meno yakaanza kucheza, nikahamia kwenye uji. Nikasema bora meno."

"Ngosha alikuambia nini Jumatatu?"

"Aliniambia nikapime sukari sasa hivi. Nikamwambia, Ngosha, nikipima watauliza dawa, wakiuliza dawa watamkuta mtoto. Usimwambie mtu. Akasema haya, dada."

"Na Jumatano asubuhi, nilipokaa hapa na kukuuliza?"

Ulimi wa Teodora ulikwenda kwenye pengo, ukarudi.

"Nilikumbuka kila kitu," alisema. "Nikasema moyoni Ngosha ni mtu mzima, ameshazoea shida, watamwachia. Mtoto nitamwokoa na nini?" Aligeuka, akamtazama Precious kwa mara ya kwanza tangu asome. "Nimemtupa mtu mwema kwa ajili yako. Na wewe barua ulikuwa nayo."

Precious alipiga magoti, akashika shuka. Teodora alilivuta shuka taratibu mpaka likatoka mikononi mwake.

Sabina alimsomea Teodora maelezo yake, akampa kalamu. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Kisha akapiga simu kituoni. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Afande, mshushe Ngosha kwenye gari. Naja na mwingine."

* * *

Saa kumi jioni Ngosha alisimama kaunta anahesabiwa vitu vyake. Mkanda. Koleo. Kopo la chumvi. Turubai, kipande. Kesi ya leseni ingebaki, faini ama onyo, ila hiyo ni siku nyingine. Alitia kidole gumba kwenye wino kwa sababu hakujua kuandika, akakifuta kwenye suruali.

"Nilikwambia, mayu," alisema anafunga mkanda. "Nilikwambia akiamka atasema. Unaona?"

Sabina alifunga kitabu cha vielelezo.

"Naenda kumwona sasa hivi. Hivi nilivyo. Atacheka akiniona na ndevu hizi." Alikunja turubai chini ya kwapa, akafika mlangoni, akasimama. Akageuka nusu. "Ameamka leo, siyo?"

Venant aliinua macho kutoka kwenye meza yake. Sabina angeweza kusema ndiyo. Maelezo yalikuwa kwenye jalada, na mzee hajui kusoma.

"Aliamka juzi," alisema.

"Juzi." Ngosha alilifikiria. "Juzi jioni?"

"Asubuhi, baba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei. Alishuka ngazi za kituo mpaka barabarani. Magari ya kwenda hospitali yanasimama upande huu, na moja lilikuwa pale, konda anaita. Ngosha alilitazama mpaka likajaa. Kisha akavuka barabara.